Maji ya Kuoshea Brashi

Kazi yangu ni dirisha dogo la zahanati, Buguruni.
Watu huniletea vikopo wamevifunika kwa kiganja
kama waliobeba yai la wizi.
Mama mmoja alikifunga kwenye pindo la khanga;
nilifungua mafundo matatu kabla sijaufikia mkojo wake.
Hawajui kwamba mimi haya zilinitoka zamani.
Naona rangi tu.

Nikinyanyua kikopo kwenye mwanga najua:
huyu anauza mihogo Ilala tangu alfajiri
na maji hanywi, kwa kuwa choo ni mia tatu
na mia tatu ni faida ya vipande viwili.
Mkojo wake ni chai ya rangi iliyolala.
Kunywa maji, dada, namwambia.
Anacheka: "Nikinywa, choo utanilipia wewe?"
Jibu la hilo halimo kabatini mwangu.

Kijana Mponda alikuja anatetemeka,
kikopo chote rangi ya chungwa.
Nikamuuliza, dawa za kifua umeanza lini?
"Juzi."
Basi hiyo ni dawa inajitambulisha. Nenda kale,
na usiruke kumeza hata siku moja.
Alitoka mrefu kuliko alivyoingia.

Si kila rangi ina utani huo.
Iko ya kahawia nzito, kama soda ya kola,
na mwenyewe macho yamepiga manjano:
huyo simrudishi foleni, namshika mkono hadi kwa daktari.
Iko yenye povu lisilokufa, utadhani sabuni ya unga,
figo zikivujisha walichozikabidhi kukitunza.
Na iko nyeupe pe, kama ya bomba
(bomba la siku njema, la kwetu lina siku zake),
ya mtu aliyesikia maji ni dawa, akanywa ndoo.

Ila nyumbani nilikuwa kipofu.

Mume wangu Shomvi ni fundi rangi za magari, Gerezani.
Mletee mlango uliogongwa, atakoroga
kijivu chake hasa, kile kilichochomwa na jua miaka tisa,
usijue pameanzia wapi, pameishia wapi.
Mtu huyo alianza kwenda chooni na ndoo nzima.
Anamwaga, anamwaga tena.
Nikamsifu kwa usafi.
Nilimsifu! Mimi, mwenye dirisha.

Usiku mmoja maji yalikatika.
Alfajiri nikaiona, kwenye sinki jeupe.
"Umekula nini?"
"Betiruti."
"Betiruti ipi, Shomvi? Anayepika ni mimi."
Akaketi kizingitini, taulo kiunoni.
"Hainiumi," akasema. "Ndiyo maana nikanyamaza."
Na mimi kutouma huko ndiko kulikonikausha koo.
"Basi nitajie rangi. Kama fundi."
Akafumba macho.
"Maji ya kuoshea brashi. Umepiga nyekundu,
umeosha mara moja, mara mbili.
Hayo ya mara ya tatu."
"Tangu lini?"
"Tangu mvua."

Mficha maradhi, bibi alikuwa akianza,
halafu hamalizii, anatutazama tu.

Sikumtajia kichocho. Sikumtajia jiwe,
wala lile jina jingine ambalo nilikwisha kuliandika
kwenye vyeti vya waume za watu.
Rangi hubisha hodi; haisemi ni mgeni gani.

Asubuhi alipanga foleni kama wengine,
kikopo mkononi, hakukifunika.
Darubini nilimwachia Hobokela,
maana mikono yangu ilikuwa haitulii kwenye kioo.
Subiri nje, majibu utaitwa:
maneno hayo nimeyasema miaka kumi na moja.
Nikatoka, nikakaa benchi, kwenye joto, ubavuni pake.
Shomvi akaukwaruza ukuta kwa ukucha.
"Bluu hii," akasema, "waliizidishia maji."