Thelathini kwa Mia

Hakimu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai,
akasoma taratibu kama anayerudisha chenji:
mdaiwa, sabini kwa mia.
Mdai, thelathini.

Mdai ni mimi, Siwatu Pazi,
muuza vitenge vya jumla, Mtaa wa Narung'ombe.
Hesabu siogopi.
Milioni kumi toa tatu, saba;
toa ya wakili, toa deni la Mwananyamala,
kinachobaki nitakitia kibindoni
wala kibindo hakitatuna.

Kinachonishinda ni kuugawa mguu.
Thelathini yangu inaanzia wapi?
Kidole gumba hadi kifundo?
Vile vyuma viwili vinavyouma nikipanda ngazi,
kipi cha mkandarasi, kipi changu?

Shimo lilikuwa lake. Hilo halina ubishi.
Siku tisa bila mfuniko, bila taa,
bila hata tawi bichi la kuchomeka
kama wafanyavyo madereva wa malori yaliyoharibika.
Wahenga walisema mchimba shimo huingia mwenyewe;
huyu aliingia mahakamani na suti ya kijivu,
miguu yote miwili ikimtii.

Lakini wakili wake aliniuliza
swali dogo, kwa upole:
"Macho yako, mama, yalikuwa wapi?"
Nikasema, kwenye simu.
Umeme umekatika, Kariakoo giza totoro,
nami nasoma ujumbe wa mteja wa Ifakara
kwamba pesa zimeingia.
Elfu arobaini na mbili.
Nilikuwa natabasamu nilipokanyaga hewa.

Hayo yamo kwenye jalada.

Lisilomo ni mtoto wa karanga
aliyeita, "Mama, shimo! Mama!"
Nikadhani ananiuzia.
Nikampungia mkono wa sitaki
bila kuinua uso.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.
Na la mdogo je? Methali imenyamaza,
hakimu hakuuliza,
nami, Mungu anisamehe, sikujitolea kusema.

Siku hizi nafunga duka mapema, napita palepale.
Pamezibwa. Zege safi, hata mvua haituami.
Namtafuta sauti yake kati ya sauti,
maana sura sikuiona.
Nanunua kwa kila mtoto, kikaratasi kimoja kimoja,
na sijui nikimpata nitamwambia nini,
nitamkatia ngapi katika zile saba.

Nyumbani ndoo imejaa.
Mimi karanga hata sizili.