Mkalimani wa Kilo Nne

Kitabu cha gari, ukurasa wa mia na kumi na mbili,
Kichina juu, chini Kirusi cha kuungaunga:
Usitumie adapta ya mtu wa tatu.
Zaven alicheka, akaufunga ukurasa kwa kidole chenye grisi.
"Wa tatu ndiye mimi," akasema. "Lete pesa."

Nikatoka Yerevani na chombo chake,
kilo nne za plastiki nyeusi, lebo imekwanguliwa,
upande huu matundu ya Ulaya,
upande ule pini tisa za gari langu,
na katikati, Zaven na Mungu wanajua.
Dada yangu Knarik alikipakata kama mtoto wa jirani,
yaani kwa adabu, bila mapenzi.

Tulivuka mpaka saa nne usiku.
Baridi hula betri kama panya alavyo kisigino cha aliyelala,
anang'ata, anapuliza.
Asilimia thelathini. Kumi na tisa. Kumi na moja.
Nikazima joto. Knarik akavaa soksi za marehemu baba
mikononi.
Asilimia sita: Marneuli,
kituo kimoja chenye taa ya kijani,
duka moja lililochelewa kufungwa.

Nikachomeka.
Mashine ikaandika: Nasubiri gari.
Gari likaandika: Nasubiri mashine.
Wakasubiriana kama wakwe wawili mlangoni,
pita wewe, la, tangulia wewe,
hadi vioo vyote viwili vikazimika.

Nikachomoa. Nikapuliza. Nikachomeka tena.
Nikamtukana Zaven, na mama yake Zaven,
kisha nikamwomba mama radhi, maana namfahamu,
hutengeneza jamu ya parachichi ndogo za njano
na hana kosa.

Mwenye duka akatoka, shali kichwani, tochi mkononi.
Akauliza kwa Kiazeri.
Nikajibu kwa Kiarmenia.
Hapo kimya kikashuka, na sote watatu tukajua kilivyo kizito:
Knarik ana mwana aliyebaki mlimani, katika vita vile;
na yule mama, tulikuja kuona,
ana picha ya kijana mwenye sare
juu ya friji la maziwa.

Akakigeuza chombo, akamulika tumbo lake,
akabandua kifuniko cha mpira nisichowahi kukiona.
"Kina njaa," akasema kwa Kirusi.
"Ndani mna betri, ndogo kama kidole. Ikifa hii, kinakuwa bubu.
Wenye magari ya Kichina wote hulia hapa hapa uliposimama."

Mganga hajigangi.
Kitu kinachopitisha umeme wa kuwasha mtaa
hakina hata tone la kujiamshia.

Akakichomeka kwa chaja ya simu yake, kando ya mizani.
Nusu saa. Chai.
Kirusi chetu kilikuwa kile cha shule zilizobomolewa,
hakina wakati ujao, nomino zimemeguka;
tukazungumza bei ya viazi,
magoti yake,
daktari wa macho tuliyekuwa tukimfuata Tiflisi.

Knarik alisimama mbele ya friji muda mrefu.
Akauliza jina.
Senem, ndivyo alivyoitwa mama yule, akalitaja.
Knarik akataja la wake.
Hakuna aliyelirudia la mwenziwe.

Kisha nukta nyekundu ikawa ya buluu.

Nikachomeka. Tak, ndani ya gari,
kama mtu aliyepiga ulimi baada ya kuelewa.
Saba, ikaandika. Nane.
"Kamata hapo," Senem akasema, "ndoano yake imelegea,
usipoikamata itaachia."
Nikaikamata kwa mikono miwili, theluji ikininyea shingoni.

Zaven hakunieleza kwamba kikifanya kazi hupata moto.
Knarik akavua soksi, akaweka viganja juu yake.
Senem akatazama barabara, huku na huku,
kisha naye akaweka vyake.
Nami sikusema neno.
Nilihesabu: kumi na mbili. Kumi na tatu.