Bembea ya Tatu

Walituita Jumamosi, ukumbini, Kivumbini,
wakagawa karatasi za njano na kalamu zinazokwamakwama:
andika unachotaka uwanjani.
Mimi sikuulizwa ninachotaka. Mimi ni fundi wa kuchomelea;
niliulizwa bei.

Karatasi zikabaki mezani. Nikazibeba
nifungie bolti,
na usiku, karakana imetulia, nikazikunjua moja moja.

Choo chenye komeo kwa ndani.
Taa, kona ya mfereji, natoka zamu saa nne usiku. Ni mimi Kerubo.
Mzee Gathitu: benchi lenye mgongo,
maana wangu umekwisha, nataka wa kuazima.
Mtoto fulani amechora goli, na kipa, na mbwa.
Mwingine analia na njia ya Menengai:
aliongoza kwaya nzima kwenda kuomba,
wakatokea kwa mchoma makaa,
naye akatimua mbio akidhani ni askari.

Na moja, haina jina, mwandiko umelala ubavu:
Bembea. Ya mtu mzima.

Nilicheka peke yangu hadi miwani ikashika ukungu.
Kisha kicheko kikaniishia.
Kivumbini, jina linajieleza,
mtu huzaliwa akipiga chafya.
Nikaitazama miguu yangu chini ya meza,
nikaiuliza mara ya mwisho iliacha ardhi lini.

Mhandisi alikuja na ramani chini ya kwapa:
bembea tatu, za watoto, mnyororo wa milimita sita.
Nikasema sawa.
Ya tatu nikaipa milimita kumi,
kiti nikakikata kwenye tairi la lori,
na kwenye fomu, pale pa maelezo, nikaandika
kosa la kipimo.

Wiki iliyofuata tulipanda Menengai na ndoo ya rangi nyeupe,
upepo ukitusukumia harufu ya leleshwa puani.
Kibiwott alitaka mshale uonyeshe njia fupi.
Nyaguthii alitaka uonyeshe ile ya mzunguko,
ambako shimo lile kubwa hufunguka ghafla
na mtu akasahau alichokuwa akisema.
Walibishana hadi rangi ikaanza kuganda.
Tukachora yote miwili.
Ndiyo maana mpaka leo, kwenye jiwe lile jeusi,
watu husimama, hubishana, hunywa maji,
na wakishuka husema walipumzika vizuri.

Siku ya ufunguzi palikuwa na utepe,
na hotuba iliyopita kivuli chake.
Mgeni wa heshima alipanda mti; Alhamisi mbuzi akaumaliza.
Benchi lina mgongo. Gathitu aliupiga ngumi mbili, akaukubali.
Choo kina komeo, kwa nje.
Taa ipo. Inamulika bango lenye majina ya waheshimiwa,
usiku kucha, wasije wakapotea.
Kona ya mfereji ni giza lile lile,
na Kerubo hupita mbio, ufunguo umechomoza kati ya vidole.
Nimeipima nguzo. Najua pa kukata, najua pa kuihamishia.
Barua ya tatu imo mkobani, inasubiri muhuri.

Jana alfajiri nilipita kukaza bolti.
Ziwa lilikuwa bado limejifunika.
Chini ya bembea ya tatu, jozi ya buti za mlinzi,
zimepangwa sawasawa, soksi zimekunjwa ndani.
Rungu limelazwa kwenye nyasi.
Mwenyewe yuko hewani,
mama mzima, koti la kampuni limejaa upepo,
nyayo zake pana zikienda, zikirudi,
macho ameyafumba,
na mnyororo unalia kwii, kwii,
tena, kwii.

Mafuta ya kuulainisha nilikuwa nayo mfukoni.
Sikusogea.
Nikageukia mlango wa choo, nikatoa bisibisi,
nikaanza kulihamisha komeo,
polepole, bila kugonga.