Taarifa kwa Kishingo

Kicheche aliacha manyoya yako na mguu mmoja
nyuma ya choo, usiku wa Jumatano,
na wanao kumi na saba wakabaki
wakilia ndani ya beseni langu la kufulia.
Basi sikiliza, nikupe taarifa.

Asubuhi si kazi. Hadi saa tatu
ukuta wa tembe unalaza kivuli kirefu magharibi,
nawamwagia pumba za uwele, wanachakura,
wanajifanya wakubwa.
Saa nne kivuli kinaanza kurudi nyuma
kama mdeni aliyemwona mwenye duka.
Saa tano nakifuata na beseni.
Saa sita, Kishingo, mwezi huu wa kumi, hapa Kigwe
hakuna kivuli. Ukuta umekimeza chake.
Hata mkungugu unachuja tu,
tundu na jua, tundu na jua.

Ndipo nikajifunza kuwatazama midomo.
Kifaranga akizidiwa na joto halii.
Anaachama, mabawa kayaweka mbali na mwili
kama mtu aliyevaa koti la kuazima,
na koo linacheza, linacheza.

Niliyechelewa kumwona ni yule wa madoa.
Nilikuwa kisimani, mashine imekata mkanda,
foleni imefika barabarani.
Nilimkuta kalala kando ya wenzake,
mguu mmoja umenyooka.
Kumi na saba wakawa kumi na sita.
Sikufichi.

Tangu siku hiyo nimekuwa fundi.
Fito nne za mkole, juu gunia la mkonge
ninalolilowesha kila likikauka.
Pande zote wazi, upepo upite.
Mwanzoni niliziba kwa turubai, nikidhani nawasitiri,
kumbe nawaoka.
Chini nimekwangua mchanga unaochoma
mpaka nikaufikia udongo wenye ubaridi.
Maji yao yako kwenye kigae cha chungu,
na kokoto ndani yake, asije mjinga akazama akinywa.
Nayabadilisha kabla hayajawa uji.

Mama Lechipya alipita na ndoo kichwani,
akasimama.
“We Sechelela, dumu shilingi mia tatu,
na wewe unanywesha gunia?”
Nikamwambia ni maji niliyooshea mlenda.
Nilimdanganya. Nusu yalikuwa safi.
Kesho yake nikachungulia uani kwake:
kawatandazia wake kanga mbichi,
ile ya msiba wa shemeji yake.
Hatujaizungumza habari hiyo.

Wewe ulifanyaje? Hilo ndilo linanisumbua.
Mabawa mawili na shingo isiyo na unyoya,
unajitanua juani, wao chini yako,
huna gunia, huna saa, huna wa kumuuliza.
Nilikuona umetulia, nikasema: kuku mvivu huyu.
Nikakufukuza kwa ufagio
nipate kufagia ulipokaa.

Treni ya mizigo ikipiga honi kule stesheni
kivuli kinatoka tena, upande wa pili wa ukuta,
chembamba, cha aibu.
Naondoa beseni. Wanakikimbilia
kana kwamba ni mimi niliyekitengeneza.

Halafu usiku. Hili hukuwahi kuniambia.
Jua likizama tu, upepo unabadilika tabia,
unapita chini ya mlango kama maji ya baridi,
na walewale niliowapepea kutwa
wanatetemeka, wananililia wapate moto.
Mchana nagombana na jua,
usiku ningeliita lirudi, lau lingenisikia.

Nawatia kapuni, jirani na mafiga,
majivu bado yana uhai.
Natandika sweta kuukuu la Ndahani,
naweka mkono juu yao, nahesabu gizani.
Kumi na sita.
Vichwa vinasukuma kiganja changu
vikitafuta unyoya.