Nyota kwa Mchochea Makaa

Ililetwa Jumanne na tarishi mwenye mafua,
ndani ya kisanduku kidogo kuliko cha viatu vya mtoto.
Nilitia sahihi kwa mkono wenye unga.
Akasema upepo leo ni mkali, mama.
Nyuma yake Mto Tyne ulikuwa na rangi ya sufuria isiyosuguliwa.

Nyota ya shaba, pembe sita.
Utepe wake buluu, mweupe, kijani, rangi zimeyeyukiana
kama maji yanavyoonwa na mtu aliyesimama sitahani.

Baba hakuwa mtu wa sitahani.
Muqbil Nasser, mzaliwa wa milima ya Yemen,
alikuwa chini kabisa, tumboni mwa meli,
koleo mkononi, kitambaa cha jasho kati ya meno,
akiilisha tanuri isiyojua kushiba.
Saa nne kazini, nane za kulala, kisha koleo tena.
Mtu aliyeishi chini ya mstari wa maji
wamempa nyota.

Nimeigeuza nyuma kutafuta jina.
Patupu, laini kama kijiko.
Jina liko kwenye bahasha tu: Bwana M. Nassau,
lile alilopachikwa na karani wa bandari
ambaye hakuwa na muda wa kuuliza mara ya pili.
Miaka arobaini na mitatu, na karani yule bado anaandika.

Kawia ufike, husema watu.
Lakini aliyekawia na aliyefika si mmoja.

Meli ilipigwa na nyambizi saa tisa usiku, mwezi wa Machi.
Mshahara ukakoma saa tisa usiku.
Mama alielezwa hivyo dirishani, kwa upole,
na kijana mwenye tai iliyonyooka:
meli haipo, basi na kazi haipo.
Edna Rutter, aliyenuniwa na mtaa mzima
siku alipoolewa na Mwarabu,
alisimama pale akiwa na mimi kiunoni
akipiga hesabu kwa sauti, watu wote wakimsikia:
Kwa hiyo waliokuwa wakiogelea saa tisa na robo
waliogelea kwa gharama yao?

Kijana akafunga dirisha. Ilikuwa saa ya chai.

Baada ya hapo mama alifua mashuka ya nyumba za mabaharia,
mashuka ya wanaume waliokuwa bado wanarudi.
Hakuniambia kama alilia.
Najua tu kwamba hakukubali kamwe
makaa yamwagwe kwa fujo kwenye ndoo.
Aliyapanga, moja moja, kwa mkono.

Mjukuu wangu Kieran ameishika nyota, ameinusa.
Aliua wangapi, bibi?
Hakuua. Alichochea moto.
Wa nini?
Wa kuleta ngano. Na mafuta ya taa. Safari moja, nyumbu,
waliopiga teke usiku kucha juu ya kichwa chake.
Kieran amefikiri kidogo, kwa adabu,
kisha amerudi kwenye televisheni.

Nikabaki na mizani ya jikoni.
Nimepangusa unga, nimeiweka nyota:
wakia moja na kitu.
Siagi ya keki hii inaizidi.
Nikataka kukasirika, nikakuta hasira imezeeka kunishinda,
imekaa kitini, haisikii vizuri.

Katika droo, chini ya vitambaa vya meza,
iko hati ya mwisho ya mshahara wake.
Safu ya siku imejazwa kwa wino hadi tarehe kumi na tatu.
Kumi na nne ina kistari.
Baada ya kistari, karatasi tupu mpaka chini,
na kingo zake hujikunja kila nikiifungua,
kama kitu kisichotaka kusomwa.

Leo nimeinyoosha juu ya meza.
Nimeweka nyota juu yake, pale penye kistari.
Karatasi imetulia.

Basi, baba, imepata kazi.