Boko Boko la Ibra

Shinuna kabadili ngano, hakuniambia.
Nililizowea laini, livutike hadi kidevuni;
hili la leo lakwaruza,
mwiko wasimama wenyewe.

"Makapi hunywa maji kwanza," asema,
"wanga ukakosa ya kuvimbia."
Na tumboni je?
"Huko hukaa mlangoni kama bawabu mchoyo.
Sukari hupita mojamoja, na kitambulisho."

Nje nyuzi arubaini na sita,
ndani nyuzi za ngano
zimening'ang'ania menoni.
Kuku simuoni, samli haba.

Saa mbili baadaye nachoma kidole:
nane nukta moja.
Ijumaa iliyopita, kumi na tatu.

Sikumwonesha.
Nilirudisha sahani, nyeupe, imekombwa,
nikasema: chumvi imezidi.