Farasi Aliyelala

Gyumri. Theluji imeziba dirisha la karakana.
Shoghik, miaka tisa, kamasi puani,
haiangalii ngome yangu niliyoitega kwake.

Anamtazama farasi wake,
aliyesimama mbele ya askofu
kama pazia lililosahauliwa.
Mimi nami nilishamhesabu huyo:
hana pa kwenda, amelala.

Kumbe.

Anaruka, anamwangukia malkia wangu,
na shaha haitoki kwake,
inatoka nyuma, kwenye mshazari mrefu
nilioukodolea macho saa nzima,
kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa.

Mfalme kwanza, sheria ni sheria.
Nasogea hatua moja, kichovu.

Malkia amelazwa kando
ya glovu zake zinazochuruzika maji.
"Mjomba Hamazasp," ananong'ona,
"ulikuwa unaangalia wapi?"

Chai yangu imeganda utando.